Miiba ya Mwalimu

Mchanga wa mtoni una harufu yake unapochimbwa. Ule wa juu ni mkavu, haunuki kitu ila vumbi na kinyesi cha mbuzi. Ukishuka kidogo unaanza kupoa mkononi, halafu inakuja harufu ya chuma na majani yaliyooza, na hapo mtu aliyezoea kazi hiyo ananyamaza, maana maji yako karibu. Mimi leo nakaa Ruangwa mjini, nina bomba nje ya mlango wangu, bomba lenyewe la kutoa maji siku likijisikia. Lakini nikifungua ndoo iliyolala na maji ya siku nyingi, harufu ile ile hunirudisha kwenye kijito cha kijiji chetu, upande wa Nambambo, wilaya ya Nachingwea. Nina miaka kumi, nimepiga magoti ukingoni mwa shimo, kamba ya ndoo iko mkononi, na rafiki yangu Salma yumo ndani.

Kijito hicho sisi tulikiita mto, kwa heshima tu. Masika kilikuja kwa kishindo na magogo na mabibo yaliyooza, na watoto tulikatazwa kukikaribia. Ikifika wakati wa kupura ufuta, kilikuwa kimekwisha, kimebaki mchanga mweupe unaochoma nyayo. Mgeni akipita pale husema hawa watu wanaishije, hapa maji hakuna. Maji yalikuwepo, yamejilaza chini. Aliyejua yalipolala kuliko wote alikuwa Bi Somoe, bibi yake Salma, mjane mwenye mikorosho michache na shamba la ufuta, ambaye alimlea Salma peke yake. Asubuhi na mapema, kabla jua halijaupasha mchanga, alitembea peku juu yake, akasimama, akasukuma kisigino, akasogea, akasukuma tena, kisha akasema, "Hapa." Kiswahili chake kilikuwa kifupi, cha sokoni na cha salamu, raha yake ya kuzungumza ilikuwa kwa Kimwera. Lakini neno hilo moja alilitamka vizuri kuliko mwalimu yeyote wa shule yetu.

Shimo lilichimbwa jembamba ili mchanga usiporomoke, kwa hiyo aliyeingia kupima alikuwa mtoto wa kike wa nyumba husika. Salma aliingia, akasimama wima maji yalipoanza kulowesha nyayo zake, na wanawake wakamwuliza kutoka juu, "Maji yako wapi?" Naye alijibu kwa mwili wake, kwa kutazama mdomo wa shimo umemfika wapi. Kama mdomo uko kwenye magoti, alisema, "Goti," na watu wakacheka kwa furaha. Kama ni kiuno, waliguna kidogo. Kwapa ilikuwa habari mbaya, na shingo ilikuwa ya kwenda kusemea pembeni. Kiangazi kizima hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu. Mkikutana njiani mnaulizana habari za kwenu, nzuri, na korosho, zinatoa maua, haya, na maji? Goti. Kila mtu alijua goti la nani, maana kila mtu alijua mtoto wa nani ameingia kwenye shimo la nani.

Kulikuwa na adabu zake. Ndoo ya kwanza ilimwagwa mchangani, ni ya mto. Kata, kile kibuyu cha kuchotea, ilioshwa na kulazwa kifudifudi kwa ajili ya anayefuata. Na kisima kilizungushiwa matawi ya miiba, mbuzi na ngiri wasije wakakivuruga. Mvua za kwanza zikianza kunguruma, hakuna aliyehangaika kuuondoa uzio ule. Mto ulikuja ukauchukua wenyewe, ukaenda nao huko chini, upande wa Ruangwa, na mwaka uliofuata watu wakakata miiba mingine. Tuliona ni haki kabisa. Mmekunywa maji ya mto kiangazi chote, basi acheni nao uchukue uzio wake. Uwe unalikumbuka hilo ninapoendelea kusimulia, kwa sababu ndilo lililotuponza.

Sasa nimtaje baba, maana lawama inapita kwake. Baba alikuwa mwalimu wa sayansi, Mpare aliyepangiwa kazi kusini, na mama yangu alikuwa muuguzi wa zahanati. Baba alikuwa mwembamba, mrefu, ana baiskeli aliyoifuta kila jioni, na alikuwa mbishi. Sisi Wapare tunataniwa kwamba tunaweza kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku, na baba hakufanya lolote la kuwaaibisha watani. Nikiwa mdogo sana alirudi likizo kutoka kwao na bahasha ya kaki iliyojaa maganda ya manjano, marefu kama ya maharage. Kule tambarare za Upareni mti wake wanauita mrashia. Mbuzi wanayapenda maganda yake, miiba yake hairuhusu hata kuku kupita, na kiangazi kikikausha kila kitu wenyewe unabaki kijani. Baba akaona amepata dawa ya bustani ya shule, iliyokuwa ukingoni mwa mto na kila mwaka ikiliwa na ngiri. Akaotesha miche, akaipanda mstari, akaimwagilia kwa mkono wake.

Na ilikubali, jamani! Miaka mitatu tu uzio ukawa umempita baba kimo. Mikorosho ilinuka salfa ya kupulizia, majani ya porini yalikuwa ya rangi ya majivu, lakini uzio wa Mwalimu ulikuwa kijani kama vile una masika yake peke yake. Watoto tuliyatafuna maganda yake, yana utamu wa muwa uliokaa. Mbuzi wetu walinenepa. Bi Somoe alipouona, alikuja nyumbani, akakaa kwenye mkeka wa mama, akauliza habari za kila mtu mpaka za mbuzi, ndipo akasema, "Mwalimu, nipe miiba yako." Baba hakungoja aombwe mara ya pili. Alikata matawi, akayafunga nyuma ya baiskeli, akayaburuta mpaka mtoni na maganda yake yakining'inia, akamzungushia Bi Somoe kisima kwa mikono yake. Hakuna mbuzi aliyethubutu kusogea. Mwaka uliofuata visima vyote vya mto ule vilikuwa na miiba ya Mwalimu, ndivyo ilivyoitwa, na iliitwa hivyo kwa kusifiwa. Mimi nilivimba kichwa. Niliwaambia wenzangu shuleni kwamba bila miti yetu wangekunywa mkojo wa ngiri.

Mvua zikaja, mto ukachukua nyuzio zake kama kawaida. Ukachukua na maganda, ukayasambaza kwenye tope la kingo zote mbili, mkunjo hadi mkunjo. Hakuna aliyewaza. Kwa miaka mitatu tuliupandia mto miiba kwa mkono wa mto wenyewe, na kila mwaka tulimshukuru baba.

Kiangazi ninachokisimulia ni kile nilichokuwa darasa la nne. Kingo zilikuwa zimefunga. Palipokuwa na njia tano za kuteremkia mtoni palibaki mbili, na hizo ulipita umejikunyata, kanga ikivutwa huku na huku. Mama alitoa miiba kwenye nyayo za watu kila siku, kwa sindano na mafuta ya taa, na alikuwa akimtazama baba kwa namna fulani wakati wa chakula. Salma alipoingia kupima mara ya kwanza mwaka ule alisema, "Kiuno." Ilikuwa ndiyo kwanza ufuta umetoka shambani. Baada ya majuma machache akasema kwapa, na korosho zilikuwa hazijaanza kudondoka. Hapo Bi Somoe akatamka jambo ambalo Salma alikuja kuniambia akiwa ameshika kanga yangu kwa nguvu: maji yakipita kichwa, shimo lile litaachwa, na Salma ataacha shule ili awe anafuata maji kijiji cha pili, kwenda na kurudi nusu siku. Bibi hakuwa na mtu mwingine wa kumtuma. Salma alikuwa wa kwanza darasani kwetu na mimi nilikuwa wa tatu, nasema ukweli ingawa bado unaniuma kidogo.

Ukaitishwa mkutano wa kijiji mbele ya ghala la korosho. Watu wakasema mvua zimepungua, wengine wakasema ni dhambi zetu, wengine wakasema ni viongozi. Bi Somoe akasimama. Nilikuwa sijawahi kumwona akisimama mkutanoni. Akasema, "Mti wa Mwalimu unakunywa. Unakunywa kwanza, sisi baadaye." Akatafuta maneno mengine ya Kiswahili, hayakuja haraka, akaonyesha kwa mkono tu, chini, kama mtu anayevuta kamba. Baba akainuka. Hakumtukana, baba hakuwa mtu wa matusi. Alitabasamu, akachukua kijiti, akachora chini jua, mawingu, mvua na mti, akaeleza kwamba miti ndiyo huvuta mvua, miti ndiyo hulinda vyanzo vya maji, na kwamba bibi yetu tumsamehe, hayo hawakufundishwa enzi zao. Alieleza vizuri sana. Watu wakapiga makofi. Bi Somoe akakaa, akafunga upya kilemba chake ambacho kilikuwa hakijalegea. Na mimi nilipiga makofi. Nilipiga kwa nguvu kuliko wote, na nikigeuka namwona Salma ananitazama mikono.

Siku nne Salma hakunisemesha. Siku ya tano nilimpelekea maganda ya mrashia, yale mazuri ya manjano, namna yangu ya kuomba radhi bila kusema. Aliyapokea, akayatia kwenye moto aliokuwa akipikia. Akasema, "Bibi yangu hajasoma, ila si mjinga." Nikachukua ndoo yake nyingine nikamfuata mtoni, na hivyo ndivyo tulivyopatana.

Na hivyo ndivyo tulivyoanza kudanganya. Shimo lilikuwa limefika shingo, halafu siku moja Salma aliingia na mimi sikuona tena nywele zake. Alikuwa amejikatia vidato kwenye mchanga vya kukanyagia. Kutoka chini akasema, "Mwambie bibi shingo." Bi Somoe alikuwa ng'ambo, anakusanya kuni, macho yake hayakuwa mazuri. Akauliza kwa sauti, "Maji yako wapi?" Nami nikapaza sauti, "Shingo, bibi!" Tukafanya hivyo kwa zaidi ya juma zima. Kila asubuhi Salma alichimba kidogo, akashuka kidogo, na kila asubuhi mimi nilisema shingo. Nilijua ni uongo, na nilijua kwa nini nausema, na ukiniuliza leo kama ningerudia sijui nitakujibu nini.

Ukuta uliporomoka saa ya mapumziko ya shule. Haukupiga kelele. Mchanga ulisema shhh tu, kama mtu anayemimina mchele, na kamba ikakaza mkononi mwangu. Nilipochungulia niliona uso wa Salma umeelekea juu, mchanga umemfika kidevuni, mdomo umefungwa. Nilikimbia kupitia miibani, sikutumia njia, nina makovu hadi leo kwenye mkono wa kushoto. Niliingia darasa la sita, ambako baba alikuwa amewazuia wanafunzi wamalizie hesabu, bila kubisha hodi, na neno pekee nililoweza kusema lilikuwa "Salma." Baba hakuuliza. Aliwaambia wavulana wakubwa wang'oe ubao wa kuandikia ukutani, nami nikafikiri amerukwa na akili. Walipofika mtoni waliusimamisha ubao ule ndani ya shimo, hesabu za sehemu zikiwa bado zimeandikwa kwa chaki, wakaukandamiza kuzuia mchanga wa upande ule usimalizie kazi. Baba alilala kifudifudi, akachimba kwa viganja vyake. Bi Somoe alipiga magoti kando yake, akaongea na Salma Kimwera muda wote kwa sauti ya kawaida, kama anamweleza kilichopikwa. Sijawahi kuogopa hivyo maishani mwangu, na nimezalisha wanawake wengi kazini.

Walimtoa akiwa hai, nyonga moja imeumia, mdomo umejaa mchanga. Alitema, akakohoa, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Kata ya bibi imebaki ndani." Mtu mmoja akacheka kwa woga. Baba alimtazama mtoto, akatazama shimo, akasema, "Nakuletea." Mama, ambaye alikuwa amefika na mkoba wa zahanati, alimwambia asithubutu. Akashuka hivyo hivyo, ameegemea ubao, akawa anapapasa. Kwanza alishika kitu akadhani ni kamba ya ndoo. Akavuta, hakikuja. Akafukua zaidi. Ulikuwa mzizi, unene wa kifundo cha mkono wake, mbichi, umelowa, umepita katikati kabisa ya mahali tulipokuwa tukichota, na ulikuwa unatoka upande wa ukingo wenye miti yake. Alikaa mle ndani muda mrefu kuliko ilivyohitajika kutafuta kibuyu. Tulikuwa tunamwona utosi tu.

Alipopanda alikuwa na kata kwenye mkono mmoja na kipande cha mzizi kwenye mwingine. Shati lote mchanga. Alimkabidhi Bi Somoe kata kwa mikono miwili, akaweka mzizi miguuni pake, akasema mbele ya wanafunzi wake wote, "Bibi, ulisema kweli. Mimi ndiye niliyeuleta, na nilikukosea mbele za watu." Bi Somoe alikung'uta mchanga kwenye kata, akaangalia kama imepasuka. Haikupasuka. Akasema, "Basi leo umesoma, Mwalimu." Halafu akaongeza, na hili sijalisahau, "Na sisi tulikata matawi. Lete jembe." Mimi nilikuwa nimesimama pale na uongo wangu. Nikamwambia bibi kwamba si shingo, kwamba ilipita kichwa siku nyingi na mimi ndiye niliyekuwa nasema shingo. Alinipiga kofi moja jepesi begani, akanivuta kwake, nikalia kwenye kanga yake inayonuka moshi mpaka nikachoka.

Salma hakuacha shule. Mpaka mvua zilipokuja baba alikwenda kijiji cha pili kila alfajiri na baiskeli yake, madumu manne, mawili ni ya nyumba ya Bi Somoe. Ukawekwa mwiko ambao haukuandikwa popote: mtoto haingii tena kwenye shimo, anaingia mtu mzima, na shimo linachimbwa pana. Jumamosi watu walitoka na mapanga, wakafyeka miti ile kama wanavyofyeka magugu chini ya mikorosho. Kazi nzuri, kingo zikawa nyeupe. Mvua moja tu, kila kisiki kikatoa machipukizi kumi. Baba alicheka peke yake alipoona, kicheko kibaya. Ndipo wakajifunza kuchimba kwa sururu mpaka chini ya shina na kukata mzizi chini kabisa, kisiki kimoja asubuhi nzima. Miiba ya uzio ikawa inachomwa moto kabla ya mvua. Lakini ile ya miaka mitatu ilikuwa imekwenda na maji. Siku moja baba aliendesha baiskeli mpaka upande wa Chinongwe kuwaonya watu wa huko. Walimpokea vizuri, wakamnywesha chai chini ya kivuli cha mrashia, wakamwambia mti huu ni baraka, una mkaa mzuri. Alirudi, akaifuta baiskeli, akaenda kulala bila kubishana na mtu.

Alichimba visiki kila Jumamosi mpaka alipostaafu. Wapo walioona ni adhabu aliyojipa. Mimi naona alikuwa Mpare tu, hawezi kuiacha kesi hata inapomgeukia mwenyewe. Sasa yuko kwao Upareni, mama alishatangulia, Bi Somoe naye tulimzika. Mimi ni muuguzi hapa Ruangwa, na sehemu ya kazi yangu ni ile ile ya mama, kutoa miiba kwenye nyayo, ila miiba yenyewe naijua inakotoka. Kila kiangazi baba hunipigia simu. Anauliza hali yangu, anauliza wajukuu, halafu anauliza alichopigia: "Maji yako wapi?" Nami nampigia Salma, ambaye alisomea ualimu akarudi kufundisha kwenye shule yetu ile ile, anachechemea kidogo akichoka. Salma husema kiuno. Namwambia baba, kiuno. Baba husema, "Afadhali," na nasikia anavyoshusha pumzi. Tumefanya hivyo miaka na miaka.

Mwaka huu nilikwenda mwenyewe. Nilipita Chinongwe, nikamwambia mwenye bodaboda asimame darajani. Chini ya daraja huuoni mto, unaona vichaka vyenye miiba vimeshikana ukingo kwa ukingo, na maganda ya manjano. Watoto wawili walikuwa wanayatafuna. Nikawauliza mti huu unaitwaje. "Mwalimu," wakasema. Kwa nini unaitwa hivyo? Mmoja akanishangaa mtu mzima anavyouliza mambo. "Si ndiyo jina lake?" Nikapanda pikipiki. Kwa kweli nilitaka kulia, nikamwambia dereva ni vumbi.

Nambambo nilikuta watu wako mtoni na majembe. Salma akaniambia kila mwaka ufuta ukishatoka wanashika siku moja ya kung'oa miche inayoota upya, na wanasema wanakwenda kumsaidia Mwalimu. Hata vijana ambao hawakumwona baba wanasema hivyo hivyo, huku simu zinaimba mifukoni. Nilifurahi mno. Nikavua viatu, nikaomba niingie mimi kupima. Salma akacheka, akasema muuguzi mzima na mwili huo, shimo litakukataa. Nikashuka. Harufu ya chuma ikaja, nyayo zikalowa, nikasimama wima. Kutoka juu wakauliza, maji yako wapi? Mdomo wa shimo ulikuwa umenifika hapa, kiunoni. Nikafungua mdomo niseme, na pale ukingoni alikuwa amechuchumaa binti yake Salma, ana miaka kumi, akaruka ndani kabla mama yake hajamkataza. Akasimama mbele yangu, anacheka. Mdomo wa shimo ulimfika kwapani.

Nilimtazama yule mtoto mpaka akaacha kucheka. Sisi tulipima kwa watoto. Tangu Salma afukiwe tunapima kwa watu wazima, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba kiuno cha mama si kiuno cha mwanawe. Ingekuwa ni enzi zetu, mwaka huu ungekuwa mwaka wa habari mbaya.

Nilimpigia baba palepale, mchanga ukiwa miguuni. Sauti yake imekuwa nyembamba siku hizi. Hakuniuliza hali. "Maji yako wapi?"

"Kiuno, baba."

"Afadhali."

Ningeweza kuacha hapo. Niliwahi kusema shingo. "Kiuno changu, baba," nikamwambia. "Nimeingia mwenyewe. Siku hizi watoto hawaingii. Binti wa Salma ameingia sasa hivi, imemfika kwapa."

Nilimsikia anapiga hesabu, kama alivyokuwa akipiga mbele ya ubao, midomo ikisogea. "Kwa hiyo miaka yote hii ulikuwa unaniambia kwapa."

"Sikujua, baba."

"Najua hukujua," akasema. "Na mimi sikujua." Halafu akauliza, kwa ile sauti yake ya Jumamosi asubuhi, kama Salma ana jembe la ziada, na kama mpini wake ni mzima. Nikaliangalia lililokuwa limeegemezwa ukingoni.

"Ni mzima, baba," nikamwambia, nikalichukua.